Kabla Hujalipa Mia Tatu za "Kuseti" Simu

Umenunua simu mpya. Umelipa, risiti unayo, na kijana wa duka ameitoa kwenye kisanduku na kuiwasha. Halafu anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mathe, hii lazima nikusetie kwanza. Mia tatu tu." Una haraka, matatu inajaa, na nyuma yako kuna watu wanangoja. Unalipa. Baada ya dakika kumi unatoka na WhatsApp iko ndani na majina yote yamehamia, na moyoni unashukuru.

Katika somo la leo hatusemi kijana huyo ni mwizi. Wengi wao si wezi. Dakika zake kumi ni kazi, na kazi hulipwa. Ila kuna mambo mawili hakukuambia: kwamba kila alichofanya kinapatikana bure, na kwamba funguo za simu yako sasa huenda ziko kwake. La kwanza limekugharimu mia tatu. La pili linaweza kukugharimu zaidi, kwa hivyo tukae nalo kidogo.

Kwani alifanya nini hasa?

Simu ya Android ikiwashwa mara ya kwanza huuliza lugha, huomba Wi-Fi au bando, kisha huomba akaunti ya Google. Hiyo ndiyo watu huita Gmail. Haiuzwi. Kama ulikuwa nayo kwenye simu ya zamani na majina yako yalihifadhiwa humo, unaandika anwani yako na nenosiri lako, na majina yanarudi yenyewe. WhatsApp iko Play Store, bure. Kinachokula pesa ni bando la kuipakua. Kuapdeti simu pia ni bure. Unaingia kwenye mipangilio, unatafuta sehemu ya apdeti, unabonyeza. Apdeti huwa kubwa, kwa hivyo ngoja ufike mahali penye Wi-Fi.

Shida inaanza pale mteja hana Gmail, au aliwahi kufunguliwa na hakumbuki chochote. Kijana anakufungulia nyingine. Anachagua jina, anaweka nenosiri lile lile analowawekea wateja wote, na mahali pa nambari ya kurejesha akaunti anaandika nambari yake, maana laini yako bado iko kwenye simu ya zamani. Hana nia mbaya, ni haraka tu. Kufikia jioni amekwisha kusahau.

Miezi kadhaa baadaye mtoto anabadilisha patani ya simu na hakuna anayeikumbuka. Jirani anakwambia ifute yote kwa kubonyeza vitufe vya pembeni. Unaifuta. Simu inawaka upya na kuuliza: ni akaunti gani ya Google iliyokuwa humu? Kinga hii ilikuja na Android 5.1, mwaka 2015, na imewekwa ili mwizi asiweze kufuta simu ya wizi na kuiuza. Ni kinga nzuri sana, isipokuwa siku ile mwenye simu hana jibu. Hapo unarudi kwa fundi, na bei ya kuiflashi simu si mia tatu tena. Picha za mtoto akiwa mdogo, kama hazikuhifadhiwa kwingine, zimekwenda.

Kwa hivyo kama ni lazima usaidiwe, saidiwa. Lakini nenosiri andika wewe mwenyewe, kwa kidole chako, kijana akiangalia kando. Nambari ya kurejesha akaunti iwe yako, au ya mtu wa nyumbani unayemwamini. Na usiondoke kabla hujaandika anwani hiyo ya Gmail mahali, hata kama ni nyuma ya kalenda.

Jambo lingine dogo. Maduka mengine hayapakui WhatsApp kutoka Play Store. Yanakurushia kutoka simu nyingine ili kuokoa bando, na wakati mwingine kinachorushwa ni zile WhatsApp za kuchakachuliwa, kama GB WhatsApp. Hizo si za kampuni yenyewe, na akaunti yako inaweza kufungiwa kwa kuzitumia. Ukiona imetoka kwingine, itoe, uipakue upya.

PIN ukiisahau

Hapa ndipo tunaomba uwe makini zaidi. Mtu amesahau PIN ya M-PESA. Anaenda kwa duka la karibu, na anaambiwa, "Leta simu na kitambulisho, ni hamsini bob." Anapewa PIN mpya. Bila shaka aliyeichagua anaijua.

Kubadilisha PIN uliyosahau ni bure na unaweza kujifanyia. Piga *334#, ingia sehemu ya akaunti yangu, kisha sehemu ya PIN, uchague kwamba umesahau. Utaulizwa nambari ya kitambulisho. Menyu hii haihitaji bando wala simu ya bei, kabambe inatosha. Ikikukatalia, piga 100, huduma kwa wateja wa malipo ya kabla. Kupiga ni bure. Huko watakuuliza maswali ya kuthibitisha wewe ni nani, lakini hawatakuuliza PIN yako. Anayekuuliza PIN, hata akijua jina lako na la mama yako, mkatie simu.

Wengi hujiambia, "Mimi sina pesa kwa simu, ataiba nini?" Aliye na simu yako na PIN yako anaweza kukopa kwa jina lako. Fuliza ipo, mikopo ya M-Shwari ipo. Salio lako linaweza kuwa shilingi arobaini, na bado ukaamka na deni la maelfu. Ndiyo maana hamsini bob za duka ni rahisi kwa macho tu.

Ukiwa hapo hapo kwenye simu, piga pia *106#. Itakuonyesha nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kitambulisho kinachoachwa ovyo kwenye meza ya duka huweza kusajili laini ambayo wewe hujawahi kuiona. Kuangalia ni bure, lakini wako wanaotoza watu pesa kwa hili pia.

Saiba na karatasi za serikali

Mwezi Juni ukikaribia kwisha, foleni za saiba zinafika barabarani. Mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA ni tarehe 30 Juni, na mtu binafsi akichelewa faini huanzia shilingi 2,000. Asiyekuwa na mapato hujaza ritani ya sifuri kwenye iTax, na KRA haitozi hata senti kwa hilo. Kujisajili kwa SHA, kadhalika, unapiga *147# na kufuata maagizo.

Hapa tuseme ukweli. Kama huna kompyuta, na iTax inakuchanganya, kumlipa mtu wa saiba si ujinga. Umelipa muda wake, kiti chake na stima yake. Lakini ni tatizo lile lile la Gmail limevaa koti lingine. Mtu wa saiba akiweka barua pepe yake badala ya yako, kila ukisahau nenosiri, ujumbe wa kulibadilisha unaenda kwake. Utakuwa unarudi kwake kila Juni, upende usipende, kwa bei atakayotaja yeye. Na siku akifunga duka akahamia mtaa mwingine, utaanza kutafutana naye. Mwambie atumie barua pepe yako. Ukimaliza, hakikisha ametoka kwenye akaunti yako, na nenosiri halikuhifadhiwa kwenye kompyuta ile.

Swali moja la kuuliza dukani

Bei haijaandikwa popote, na huwezi kujua kila kitu kinachotakiwa kuwa bure. Basi uliza hivi, kwa upole: "Hii pesa inaenda kwa kampuni, ama ni ya kazi yako?" Mwenye haki atajibu bila wasiwasi: ni ya kazi yangu. Hapo mnapatana bei kama mnavyopatana na fundi wa viatu, au unamwambia asante, nitajaribu nyumbani. Akianza kusema ni ya usajili, ni ya serikali, ni lazima, simu itajifunga, mwombe risiti yenye maneno hayo hayo. Mara nyingi bei inashuka hapo hapo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma, kwa hivyo kuuliza hujakosea adabu.

Swali hilo linafaa hata kwenye malipo ya kawaida. Kuweka pesa kwenye M-PESA yako kwa wakala ni bure. Wakala hulipwa kamisheni na kampuni. Ukilipa kwa Till ya Lipa na M-PESA, mteja hakatwi, anayekatwa ni mwenye biashara. Kwa hivyo anayekupa nambari ya Till kisha akuambie "ongeza ya kutoa" anakuongezea bei ya unga, na ni heri ajue kwamba umeona.

Kama ulishasetiwa zamani

Usianze kumlaumu mtu. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye Google, kisha kusimamia akaunti, kisha usalama. Utaona nambari na barua pepe za kurejesha akaunti. Badilisha nenosiri. Kisha piga *334#, urudi kwenye akaunti yangu, na ubadilishe PIN, hasa kama iliwekwa na mtu mwingine au ulimtamkia wakala kwa sauti siku ile foleni ilikuwa ndefu. Usitumie mwaka wa kuzaliwa. Uko kwenye kitambulisho unachowapa watu kila siku.

Kama una mzazi nyumbani, fanya naye wikendi hii, simu ikiwa mkononi mwake, yeye akibonyeza. Na kama nambari mnayoiona kwenye ile sehemu ya usalama si yake wala si ya mtu wenu, ibadilisheni kabla hamjainuka.