Mtoto Amekua, Bima Bado Mnayo: Vidokezo 6 kwa Wazazi Walioko Marekani

Kijana amemaliza chuo na ana kazi yake. Kwetu huyo ni mtu mzima, ajitegemee. Lakini sheria ya Marekani iliyosainiwa Machi 2010 inasema bima ya afya inayokubali watoto impe nafasi mpaka atimize miaka 26. Nafasi hiyo isipotee bure.

1. Usimwondoe kwa sababu ameoa. Ndoa, ajira, kupanga nyumba yake, kuacha masomo: vyote havimfuti. Ila mkwe na wajukuu, bima yako hailazimiki kuwabeba.

2. Jua nani anaitwa mtoto. Kwetu mpwa uliyemlea ni mwanao. Kwa kawaida fomu ya bima inamtaka wa kuzaa, wa kambo au uliyemuasili kisheria. Mpwa usimwandike kama mwana, mkaja kuumbuka siku ya matibabu. Msaidie apate bima yake.

3. Uliza makato kazini. Kama tayari unakatwa kiwango cha familia kwa ajili ya wadogo zake, huenda kumwongeza mkubwa kusikugharimu zaidi. Uliza mapema, maana kwa kawaida dirisha la usajili hufunguliwa mara moja kwa mwaka.

4. Anaishi jimbo jingine? Wewe uko Minnesota, yeye Texas. Baadhi ya bima zitamlipia huko aliko matibabu ya dharura tu. Pata orodha ya hospitali na madaktari wanaopokea bima yenu karibu naye.

5. Mtunzie siri. Akishafika miaka 18, kwa kawaida daktari hakupi habari zake bila idhini yake. Hata hivyo, taarifa za malipo huweza kuja kwako wewe mwenye bima. Anaweza kuiomba kampuni imtumie kwa anwani yake. Zungumzeni hili kabla hajaugua.

6. Hesabu siku kuelekea miaka 26. Bima ya kazini inaweza kukoma siku hiyohiyo ya kuzaliwa au mwisho wa mwezi. Iliyonunuliwa kwenye soko la bima la serikali, HealthCare.gov, hufika tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Ana siku 60 kabla na 60 baada ya bima kukoma kuchagua nyingine kwenye soko hilo; kwa mwajiri wake, ajiandikishe ndani ya siku 30. Kwa waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria ya COBRA humruhusu kubaki kwenye bima ya kazini ya mzazi hadi miezi 36, ila anaweza kutozwa mpaka asilimia 102 ya gharama yote. Ulizia pia sheria za jimbo: New York huruhusu mpaka atimize miaka 30 na New Jersey 31, kwa masharti, mojawapo asiwe na ndoa.

Usiku mmoja tu hospitalini bila bima unaweza kumwachia kijana deni la miaka. Mpigie simu leo, mzazi mwenzangu, umuulize: "Mwanangu, kadi yako ya bima iko wapi?"