SOMO: MZEE ALIYEUMIZWA NA MSAADA WA SIMU

Soma: Zaburi 71:9, 18

Katika Zaburi hii mzee anamsihi Mungu asimwache wakati nguvu zinapopungua. Kati yetu wako wazee wenye ombi hilo. Mmoja ananyimwa posho ya kadi yake mwenyewe. Mwingine anapigwa au anaitwa mchawi. Wengi hunyamaza kwa aibu, maana anayewaumiza ni mtoto wao. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa mwaka mmoja, karibu mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hutendewa mabaya ya namna hii.

1. Sauti inasaidia. Katika kambi ya Rhino Camp, Uganda, wanawake wakimbizi wa Sudani Kusini walisikiliza mafundisho ya kutuliza moyo yaliyorekodiwa, mara 5. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: miezi 3 baadaye, mzigo wao wa moyo ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao wasiosikiliza. Mshauri naye anaweza kumfundisha mzee hayo kwa simu, bila mzee kutembea mwendo mrefu.

2. Zoezi lenyewe. Keti, nyayo zikanyage chini. Vuta pumzi polepole, itoe polepole. Taja vitu unavyoviona, kisha sauti unazosikia. Mawazo ya mambo yaliyopita yakija, usipigane nayo wala usijilaumu. Rudi kwenye pumzi. Kama kufumba macho kunaleta hofu, yaache wazi.

3. Nani anashika simu? Zoezi hili si la kumfundisha mzee avumilie kipigo. Usalama wake kwanza. Anayemuumiza akiwa karibu, mzee atasema tu, "Niko salama." Basi mpe simu yako, mpe na mahali pa faragha. Mshauri aanze kwa maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana. Usitangaze habari zake, hata katika maombi ya kikundi. Akiwa hatarini, na akikubali, mpeleke kwa wahusika wa ulinzi kambini. Usianze kwa kumwambia, "Samehe, urudi nyumbani."

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni mzee gani jirani ambaye hatujamwona siku nyingi?
2. Nyumbani kwetu, kadi ya mzee inashikwa na nani?

Bwana atupe masikio ya kusikia wanaonyamaza. Amina.