Dawa Zimeisha, Kifua Bado Kimejaa

Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka Mlima Kenya hadi Githongo na Kianjokoma, watu wenye vifua vibovu ndio hupata taabu kwanza: waliougua TB wakapona, wenye pumu ya miaka mingi, kina mama waliopikia kuni tangu usichana. Homa ya mapafu imewapata, wametibiwa, joto limeshuka, lakini kifua kingali kinakoroma. Mtaalamu wetu wa fiziotherapia ya kifua anayajibu maswali ya wasomaji wa Meru na Embu.

Daktari, nilimaliza dawa za homa ya mapafu wiki mbili zilizopita. Mbona kila asubuhi bado natoa makohozi? Zamani niliugua TB nikapona.

Dawa ile iliua bakteria. Kuzoa makohozi si kazi yake. Katika pafu zima, mirija ya hewa ina vijinywele vidogo mno vinavyosukuma uchafu kuelekea kooni mchana na usiku, na mtu humeza bila hata kujua. TB huacha makovu. Mirija hutanuka, hulegea, na vijinywele hupotea. Hali hiyo huitwa bronkiektasisi. Makohozi hukaa humo, bakteria huyapenda, na kila maambukizi mapya huuharibu mrija zaidi.

Usidhani uko peke yako. Huko Blantyre, Malawi, watafiti waliwapiga picha za kifua watu wazima 405 waliokuwa wamemaliza tiba ya TB, wakakuta mirija iliyotanuka kwa takriban 44 kati ya kila 100. Ilikuwa mwaka 2019, mjini Stellenbosch, Afrika Kusini, wataalamu walipokutana kwa mara ya kwanza katika kongamano la kimataifa la maradhi yanayobaki baada ya TB. Kabla ya hapo mgonjwa aliambiwa amepona, akaenda nyumbani na kikohozi chake.

Je, si TB imerudi? Nimeshauriwa nianze tena dawa za miezi sita.

Inaweza kurudi, kwa hiyo pima. Lakini usikubali kuanza dawa kwa sababu ya kikohozi na picha ya eksirei pekee, kwani kovu la zamani litaonekana kwenye picha hadi mwisho wa maisha yako. Hata kipimo cha GeneXpert kina mtego wake: kinatafuta vinasaba vya bakteria, na vya bakteria waliokufa vinaweza kubaki kifuani muda mrefu baada ya kupona. Aliyewahi kutibiwa aombe pia makohozi yake yaoteshwe maabara. Majibu huchukua wiki kadhaa, na kungoja kunachosha, lakini nimewaona watu waliomeza dawa za TB mara ya pili na ya tatu wakati ugonjwa ulikuwa mirija iliyotanuka. Kabla majibu hayajatoka, kohoa mbali na watoto, nje au dirisha likiwa wazi.

Basi nifanyeje kuyatoa? Nakohoa hadi mbavu zinauma na hayatoki.

Unakohoa mapema mno. Kikohozi cha nguvu hubana mirija iliyolegea, na makohozi hunaswa nyuma yake. Yalete juu kwanza.

Keti wima, mabega yalegee. Pumua kwa utulivu dakika moja hivi, tumbo likipanda na kushuka. Kisha vuta pumzi ndefu kupitia puani, ishikilie sekunde tatu, iachie bila kuisukuma. Rudia mara tatu au nne. Ukishikilia pumzi, hewa hupata nafasi ya kupenya hadi nyuma ya makohozi, na bila hiyo hakuna cha kuyasukuma. Pumua tena kwa utulivu. Halafu upulize: vuta hewa kiasi, fungua mdomo na koo, uitoe kwa nguvu kama mtu anayetia mvuke kwenye kioo kabla ya kukifuta. Ukianza na pumzi ndogo na kupuliza kwa muda mrefu, unayachota makohozi ya chini. Pumzi kubwa yenye mpulizo mfupi huyatoa yaliyokwisha kufika juu. Kohoa pale tu unapoyasikia karibu na koo. Kisha pumzika, uanze upya.

Dakika kumi hadi ishirini, asubuhi na jioni, zinatosha. Mizunguko miwili ikipita pakavu, acha. Kizunguzungu kikikujia, unaharakisha. Na hata ukipata nafuu usiache kabisa. Wengi hufanya siku tatu, kifua kikawa chepesi, wakasahau hadi homa nyingine.

Mwenye inhela ya kufungua mirija aitumie kama dakika kumi na tano kabla ya kuanza. Atumie pia chemba ya kuvutia dawa. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako ili inhela iingie barabara, huwafikishia dawa watoto wenye pumu sawasawa na chemba ya dukani.

Nilale upande gani?

Inategemea pafu limeharibika wapi, ndiyo maana eksirei yako usiiache kabatini. TB hupenda sehemu za juu za mapafu, na hizo hujimwaga zenyewe ukiwa umeketi. Huna haja ya kulala kokote. Homa ya mapafu mara nyingi hushika chini. Hapo lala ubavu, upande mbovu ukiwa juu: kama ni pafu la kushoto, lalia ubavu wa kulia, dakika kumi au zaidi, huku ukifanya pumzi zile zile. Kuinamisha kichwa chini ya kitanda kama tulivyofundishwa zamani sikushauri nyumbani, hasa kwa mwenye presha, kiungulia au ugonjwa wa moyo.

Hospitalini nilimwona mgonjwa akipuliza maji kwenye chupa. Naweza kujitengenezea?

Ndiyo, ila mtaalamu akuonyeshe kwanza. Ni chupa iliyo wazi juu, yenye maji ya kina cha sentimita kumi hivi, na mrija wa plastiki wenye upana wa ndani wa milimita nane hadi kumi. Ukipuliza mapovu, maji hukusukuma nawe, na msukumo huo huizuia mirija isijifunge kabla hewa haijatoka. Puliza mara kumi, kisha fanya ule mpulizo wa mdomo wazi. Maji mapya kila mara, chupa ioshwe kila siku. Chupa chafu itakurudishia bakteria kifuani. Aliyewahi kuvuja hewa nje ya pafu, au anayetoa damu, asiitumie.

Wengine huniuliza kuhusu mvuke. Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi hulainisha pua na koo. Hakufiki huko chini, na beseni la maji ya moto limeunguza watu. Maji ya kunywa, uji mwepesi na supu vina faida zaidi, isipokuwa kwa aliyekatazwa kwa ajili ya moyo au figo.



Na dawa ya maji ya kukata kikohozi?

Hapana. Unataka yatoke, nayo inayafungia ndani.

Nimeona damu kwenye makohozi.

Acha mazoezi yote na chupa. Michirizi kidogo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikizidi kijiko cha chai, tafuta gari sasa, na njiani lalia upande mbovu ili damu isimwagikie pafu zima. Ndiyo, ni kinyume cha nilichosema juu. Midomo ikibadilika rangi, ukikosa pumzi hata umekaa, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, msingoje asubuhi.

Mama yangu, Runyenjes, anahema akipanda kilima cha kwenda sokoni. Tumkataze?

Msimkataze kutembea, mkatazeni moshi. Asiwashe moto asubuhi kwenye jiko la mawe matatu, awashe mwingine. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watu wenye mapafu yaliyoharibiwa na TB walifanyishwa mazoezi mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita, wakatembea mbali zaidi na maumivu ya kifua yakapungua. Kwa mama, anzeni na kusimama na kuketi kitini, kisha njia tambarare. Kwenye mlima avute hewa hatua mbili, aitoe hatua nne kwa midomo iliyobinywa. Katika hospitali za rufaa za Meru na Embu ulizeni idara ya fiziotherapia. Wengi hudhani ni ya mifupa na kiharusi tu.

Naona aibu kukohoa kwenye matatu. Watu hufunika pua.

Fanya mazoezi yako saa moja kabla ya kutoka, na safari nyingi zitapita kimya. Beba kikopo chenye kifuniko, uteme humo, ukimwage chooni ukifika. Na majibu ya maabara yakionyesha huna TB, omba nakala, uiweke pamoja na kitambulisho.