Kuinunua na Kuitengeneza Mashua Kuukuu ya Mtambo

Sisi tukaao vilimani Tosamaganga hatuna ziwa. Lakini maji ya Ruaha Mdogo hushuka mpaka Ruaha Mkuu, na hatimaye huingia katika bwawa la Mtera, na samaki wa huko twawala hata huku. Basi Mtera, na vilevile Matema na Itungi katika Ziwa Nyasa, mashua kuukuu yenye mtambo yaweza kuuzwa kwa bei ndogo. Watu watano au sita huchanga fedha zao, huinunua kwa furaha, na baada ya mwaka mmoja mashua imelala mchangani na fedha zimekwisha. Kwa hiyo twataka kueleza jinsi ipasavyo kuitazama mashua ya namna hiyo kabla ya kutoa fedha. Tuanze na chombo kikubwa ambacho habari zake zajulikana.

Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha Kigoma kwa gari la moshi. Huko iliungwa tena, ikashushwa majini Februari 1915, nayo jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani, walipoona kwamba Kigoma yawatoka, waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena bandarini. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta mitambo na mabirika ya mvuke yangali yafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Iliendelea kwa mvuke hata miaka ya 1970, ndipo ikatiwa mitambo ya dizeli.

Wengi husimulia habari hii kama ajabu. Sisi twaona kazi ya watu waliochafua mikono yao wakati ufaao. Tena iko sababu nyingine: kutu huhitaji maji na hewa pamoja. Chuma kilichozama kabisa hakipati hewa nyingi, na maji ya Tanganyika ni matamu, hayana chumvi ya bahari. Chuma kilichotoka majini kikaachwa juani huharibika upesi kuliko kilichobaki chini.

Na hili lawafaa hata wenye mtambo mdogo wa kufungwa nyuma ya mashua. Ukianguka ziwani, usiutoe na kuuweka barazani mpaka fundi aje wiki ijayo. Ukiwa huwezi kuushughulikia siku ile ile, afadhali ukae ndani ya pipa la maji matamu. Fundi akiwapo, na afungue plagi, auinamishe na kuuzungusha kwa mkono, polepole, hata maji yote yatoke. Kisha atie mafuta ndani ya silinda, asafishe njia ya petroli, auwashe upate moto na kukauka. Ukikataa kuzunguka, usilazimishwe kwa nguvu.

Lakini mtambo si jambo la kwanza. Mnunuzi huvutwa na sauti yake, na muuzaji alijua hayo zamani. Jambo la kwanza ni mwili wa mashua. Ikiwa ni ya mbao, chukua kisu chembamba, choma karibu na mkuku, chini ya mtambo, na penye maji ya mvua yaliyotuama. Kisu kikiingia kama katika mkate, ubao umeoza. Gonga kwa nyundo ndogo: mbao nzima hulia, iliyooza hunyamaza. Tazama mataruma pia, maana ubao mmoja hubadilishwa kwa siku moja, bali taruma lililooza huwataka mafundi waifungue mashua nusu nzima. Na mashua iliyokauka juani miezi mingi ina nyufa kati ya mbao. Usizijaze kalafati kwa nguvu nyingi, kwa kuwa mbao zikinywa maji zitavimba, na pasipo nafasi zitang'oa misumari.

Jambo la pili ni hesabu. Katika Ziwa Nyasa iko meli Chauncy Maples, iliyojengwa Glasgow kwa ajili ya misheni ya UMCA na kushushwa majini mwaka 1901. Birika lake la mvuke, lenye uzito wa tani 11 hivi, lilivutwa nchi kavu na mamia ya Wangoni. Mwaka 1967 ilitiwa dizeli. Tangu 2009 ulifanywa mpango mwema wa kuifanya zahanati ya kuzunguka ziwani, lakini gharama zilipanda, na mpango ukaachwa. Ikiwa wenye wafadhili wa ng'ambo walishindwa, watu sita wa Mtera na waandike bei ya mbao, misumari, rangi, mafundi na mafuta kabla ya kununua, kisha waongeze nusu yake. Jumla ikizidi bei ya mashua mpya, waiache.

Mashua ikiisha kutengenezwa, ilale majini usiku na mchana bila mtu, karibu na pwani. Asubuhi pimeni maji yaliyoingia, yatoeni, mpime tena jioni. Yakipungua, mbao zinafunga. Ndipo mtie mawe yenye uzito wa watu na nyavu, mkatazame maji yamefika wapi ubavuni, mkapige alama ya rangi hapo.