Pangaboi Lililosimama Huenda Bado Lina Umeme

Joto la Ifakara na mbu wa Bonde la Kilombero humvuta mjenzi pande mbili. Mwanya ulio kati ya ukuta na paa ni njia kubwa ya mbu wa malaria kuingia ndani, jambo ambalo limechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa mji huo, ambako maabara ilianzishwa mwaka 1956. Mwanya ukizibwa, dari ikawekwa na madirisha yakatiwa wavu, mbu hupungua. Lakini hewa nayo hupungua. Hapo ndipo pangaboi huhitajika. Na kwa kuwa katika ukarabati kuta hubomolewa na milango huhamishwa, swichi za zamani hujikuta mahali pasipofaa.

Tuseme vyumba viwili vimeunganishwa kuwa sebule moja yenye milango miwili, na pangaboi linatakiwa kuwashwa na kuzimwa kutoka mlango wowote. Kazi hii huhitaji swichi mbili za njia mbili. Kila moja ina vituo vitatu: kimoja cha pamoja na viwili vya kupokezana. Waya wa moto, wenye volti 230, huingia katika kituo cha pamoja cha swichi ya kwanza. Nyaya mbili huunganisha vituo vya kupokezana vya swichi zote mbili, na kutoka kituo cha pamoja cha swichi ya pili waya mmoja huenda kwenye pangaboi. Waya wa kurudishia umeme hufika kwenye pangaboi moja kwa moja, bila kupita katika swichi yoyote. Swichi zote mbili zikielekea waya mmoja, mkondo hupita, zikitofautiana, hukatika.

Ipo njia nyingine, ya zamani, ambayo fundi mwenye kubana waya huweza kuvutiwa nayo, hasa anapokuta kila chumba cha awali tayari kina waya wa moto na wa kurudishia karibu na mlango. Katika njia hiyo kila swichi huchagua kati ya nyaya hizo mbili, na vituo vya pamoja huunganishwa na ncha mbili za pangaboi. Pangaboi huzunguka na kusimama vizuri kabisa, na mwenye nyumba huridhika. Lakini lipo pangilio moja ambalo ncha zote mbili huwa kwenye waya wa moto. Kwa kuwa hakuna tofauti ya volti kati yake, mota haizunguki. Ilhali kati ya kila ncha na ardhi zimo volti 230 kamili.

Mtu anayefungua pangaboi hilo kusafisha vumbi, huku mkono mwingine umeshika chuma cha paa kilichogusana na ardhi, hufunga saketi kwa mwili wake. Ukinzani wa mwili wenye jasho ukichukuliwa kuwa omu 1,000, mkondo ni 230 ÷ 1,000, yaani ampea 0.23, ambao waweza kuua. Pangaboi la wati 75 lenyewe hutumia kiasi cha ampea 0.33. Fyuzi ya ampea 5 haiwezi kutambua hatari hiyo, kwani hulinda waya, si binadamu. Kinachofaa ni kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, kikakata umeme tofauti inapofika ampea 0.03.

Rangi nazo hudanganya nyumba ya zamani inapoungwa na mpya: waya wa moto uliokuwa mwekundu sasa ni wa kahawia, na wa kurudishia uliokuwa mweusi sasa ni wa buluu. Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye leseni, swichi kuu ikiwa imezimwa na nyaya zimepimwa.

Darasani, jaribio lifanywe kwa betri ya tochi ya volti 1.5, kamwe si kwa umeme wa nyumbani. Wanafunzi waunde njia zote mbili kwa glopu ndogo, kisha kwa kila hali ya kuzimwa wapime volti kati ya kila ncha ya glopu na upande hasi wa betri. Katika njia ya kwanza voltimita itasoma sifuri daima. Katika ya pili, hali moja itaonyesha 1.5 kwenye ncha zote mbili, na glopu ikiwa giza.