Hadhari ya Nafsi: Mwongozo kwa Wanaochunguza Mambo ya Kutisha Mtandaoni, kwa Wakazi wa Thika na Ruiru

1. Wanaoandikiwa kijitabu hiki

Baina ya Ruiru na Thika, katika njia ipitayo Juja, wanaishi wanafunzi wa vyuo vikuu vya Zetech, Jomo Kenyatta na Mount Kenya, waandishi wa habari, watetezi wa haki za binadamu, na vijana wa kazi za kompyuta wapandao matatu alfajiri kwenda Nairobi, ambao aghalabu shughuli zao huwalazimu kutazama mambo ambayo jicho la mwanadamu halikuumbwa kuyazoea. Yupo anayeandika tasnifu juu ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148. Yupo anayekusanya habari za vifo vya Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Na wapo waliokesha usiku wa maandamano ya tarehe 25 Juni 2024 wakipekua video za milio ya risasi Githurai, jirani kabisa na Ruiru, ili wajue lipi ni kweli, lipi ni uvumi, na kama jamaa zao wamesalimika.

Hatuwaambii waache, kwa kuwa haki haipatikani pasipo ushahidi, na ushahidi hauji pasipo mtu wa kuutazama. Twasema tu kwamba kutazama unyama ni kazi yenye madhara yake, na kwamba, kama vile mfanyakazi wa kiwanda cha Thika avaavyo glavu na barakoa bila ya kudhaniwa mwoga, mchunguzi naye anastahili kinga: ajikinge mwenyewe, na akingwe na yule anayemtuma.

2. Yaliyodhihirika Nairobi

Mwezi Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya Sama jijini Nairobi kuchuja maudhui ya Facebook, aliishtaki kampuni hiyo pamoja na Meta, mmiliki wa Facebook, akieleza kwamba kutazama mauaji na ukatili kulimwachia maradhi ya kiwewe. Mwaka uliofuata wachujaji wenzake zaidi ya 180 walifungua kesi nyingine. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa nchini Kenya. Na Desemba mwaka huo ikajulikana kwamba Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, alikuwa amewapima wachujaji zaidi ya 140 na kuwakuta na maradhi ya kiwewe.

Nani alaumiwe ni jambo la mahakama. Mafunzo kwetu ni kwamba watu hao hawakuwapo palipomwagika damu. Walikuwa wameketi ofisini, mbele ya kioo. Tena kazi ya namna hiyo mara nyingi huambatana na mkataba wa siri, hata mtu akarudi nyumbani jioni na mzigo asioweza kumsimulia mke, mume wala mzazi.

3. Namna taswira inavyodhuru

Mwili uonapo hatari huharakisha moyo, hukaza misuli na hufukuza usingizi, ili mtu apigane au akimbie. Lakini aliyekaa mbele ya simu hana wa kupigana naye wala pa kukimbilia, basi msukosuko ule husalia ndani yake, na kila video mpya huuongeza kabla ule wa kwanza haujatulia. Baada ya mabomu ya Boston, Marekani, Aprili 2013, Alison Holman, Roxane Cohen Silver na mwenzao waliwahoji Wamarekani zaidi ya 4,600, wakaona kwamba waliofuatilia habari za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kila siku, katika juma la kwanza, walieleza dhiki kali kuliko hata wale waliokuwapo mahali penyewe au karibu napo. Basi kadiri ya kutazama ni jambo la afya, wala si la ushujaa.

4. Adabu za kazi

*Kabla ya kuanza.* Andika swali moja unalolitafutia jibu, ili ujue wapi pa kukomea. Soma maelezo kwanza, uitazame picha pale tu maandishi yanaposhindwa kukujibu. Zima mpangilio unaozichezesha video zenyewe bila ya idhini yako. Mwambie rafiki au mwenzako wa chumba kazi uliyo nayo. Usiifanye kitandani, wala ndani ya matatu, ambamo mtoto wa mwenzio aweza kuona asichostahili kukiona.

*Wakati wa kazi.* Nyamazisha sauti mara ya kwanza, kwa maana kilio cha binadamu huganda moyoni kuliko rangi ya damu. Punguza dirisha la video liwe dogo, na ukiweza, iondoe rangi. Ukithibitisha mahali palipo na maiti, ziba sehemu hiyo kwa mkono, uelekeze jicho pembezoni, penye majengo, vibao vya maduka, nambari za magari na vivuli vya jua, ambavyo aghalabu ndivyo vinavyoeleza mahali na wakati. Andika dakika ambapo jambo zito linatokea, ili mwenzako atakayekufuata asishtukizwe. Simama kila baada ya muda mfupi. Usirudie kutazama ulichokwisha kukithibitisha, wala usikirushe katika kundi la WhatsApp la aila au la mtaa.

*Baada ya kazi.* Funga kila ukurasa, nawa uso, tembea, sali au omba kwa imani yako, kula pamoja na watu. Katika jaribio dogo la Oxford lililochapishwa mwaka 2009 na Emily Holmes na wenzake, waliocheza mchezo wa kompyuta wa Tetris baada ya kutazama filamu ya kutisha walirudiwa na taswira zake mara chache kuliko wasiocheza. Nawe waweza kuishughulisha akili kwa mchezo au kwa kazi ya mikono.

5. Dalili za kutopuuza

Ndoto mbaya, taswira zinazorejea bila ya kuitwa, kushtuka kwa kila honi, hasira isiyo na sababu, ganzi ya moyo, hata msiba wa jirani usikuguse, kukimbilia pombe ili upate usingizi. Zikidumu kwa majuma kadhaa, au zikikuzuia kufanya kazi, usingoje. Likikujia wazo la kujitoa uhai, tafuta msaada saa ileile.

6. Pa kukimbilia

Piga 1199 bila malipo, uzungumze na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Simu ya watoto ni 116. Fika katika hospitali ya Thika Level 5 au ya Ruiru, uombe kuonana na mshauri nasaha au daktari. Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, iko kwenye Barabara ya Thika. Usiache jina lake, ambalo watu wamelifanyia dhihaka tangu zamani, likunyime tiba. Wala usihofu polisi kwa kukiri kwamba ulijaribu kujiua: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria iliyofanya jaribio hilo kuwa jinai ni kinyume cha Katiba.

7. Neno kwa wanaowatuma wengine

Mhadhiri anayegawa mada, mhariri anayetuma ripota, na mwajiri anayepanga zamu, kila mmoja ana wajibu wa kueleza ukweli wa kazi kabla haijaanza, kugawa zamu nzito baina ya watu wengi, kulipia huduma ya mshauri, na kumkubalia anayesema "hii siiwezi" bila ya kumpunguzia alama, hadhi wala ujira. Asiyeweza kuyatimiza hayo na aiahirishe kazi hiyo hadi atakapoweza.