Usimdunishe Mwenzako

Wapendwa wanandoa, leo tujifunze kitenzi kimoja: kudunisha. Kinatokana na neno duni, yaani cha hali ya chini. Kama vile fupi huzaa fupisha, ndivyo duni huzaa dunisha: kumfanya mtu au kitu kionekane cha chini kuliko kilivyo.

Tusikichanganye na kupuuza wala kudharau. Anayepuuza hajali. Anayedharau humwona mwenzake si kitu, na dharau hiyo yaweza kukaa moyoni bila kusemwa. Lakini anayedunisha hutenda: humshusha mwenzake kwa maneno, mara nyingi mbele za watu.

Mimi mwenyewe nimelikosea jambo hili. Mke wangu alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kukamua ng'ombe, na fedha za maziwa ndizo zilizolipa karo. Siku moja nikawaambia wageni, "Huyu naye ana vijisenti vyake vya maziwa." Hakujibu. Ila tangu siku hiyo hakunieleza tena mapato yake, nami sikujua sababu mpaka nilipomwuliza. Nilimwomba msamaha mbele ya wageni wale wale.

Chunga pia neno "tu". Ukisema, "Mke wangu yuko nyumbani tu," umefuta kupika, kufua na kulea. Nanyi akina mama, kumwambia baba mbele ya watoto kwamba analeta mshahara wa mkia wa mbuzi ni kumdunisha vilevile.

Wengine hujidunisha wakidhani ni unyenyekevu: "Mimi sikusoma, amua wewe." Mnyenyekevu hajikwezi, anayejidunisha huficha kipaji alichopewa na Mungu, na nyumba hukosa shauri lake.

Katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba mwanamke na mwanamume wana hadhi sawa. Nasi siku ya arusi tuliahidi kupenda na kuheshimu. Wengi wetu tunashika la kwanza na kusahau la pili.

Zoezi la wiki hii: usiku mmoja, kabla ya sala ya pamoja, kila mmoja amwulize mwenzake, "Ni neno gani langu linalokushusha?" Anayeulizwa aseme kweli. Anayeuliza asijitetee.

Mungu azibariki nyumba zenu.